Mkeka wa Bi Moza

Jumatatu ile Bi Zulekha alikuwa amefunga, kama alivyofunga kila Jumatatu na Alhamisi tangu mumewe azikwe, na alikuwa amekaa kwenye kigoda ukumbini akichagua mchele. Nyumba yake ni moja ya zile chache zilizobaki upande ule wa Kariakoo, nyumba ya vyumba sita na ua nyuma, imebanwa na maghorofa kulia na kushoto mpaka jua linaingia saa saba na saa nane limeshaondoka. Madalali walishachoka kumjia, naye alishachoka kuwaambia hapana.

Elisaria aliingia, akavua viatu mlangoni. Huyu alikuwa mpangaji wa chumba cha mbele, mwaka wa kumi na moja sasa, Mchaga wa Machame, mrefu, mabega yameinama kama mtu aliyedondosha kitu sakafuni. Alifundisha historia katika vyuo vitatu kwa vipindi, leo huku, kesho kule, na hakuna hata kimoja kilichowahi kumpa meza ya kuwekea mkoba.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, baba. Leo umerudi mapema."

"Wameniita kwenye usaili, Alhamisi hii."

"Tena?" Neno lilimtoka kabla hajalizuia. "Yaani, alhamdulillahi. Nimefurahi."

"Sema tu tena, mama, hata mimi nimesema hivyo hivyo." Elisaria alikaa kizingitini. "Mara ya nne hii. Na ndiyo ya mwisho, maana tangazo linataka mtu asiyefikisha arobaini, na mimi Oktoba naingia. Nafasi moja, mhadhiri msaidizi, historia ya pwani na kusini. Tumeitwa sita."

Bi Zulekha alihesabu kimoyomoyo. Ilikuwa Agosti.

"Sasa kuna jambo," Elisaria aliendelea. "Mkuu wa idara ni mama mmoja, Profesa Violeth. Ana utaratibu wake. Hataki mtu aje na makaratasi peke yake. Kila anayesailiwa aje na mtu aliyemfundisha hiyo historia, siyo mwalimu wa darasani, mtu wa mtaani kabisa. Anakaa mbele, anasikiliza mhadhara, halafu wanamuuliza mawili matatu. Anasema anayefundisha habari za watu lazima aweze kuzisema mbele yao."

"Kasema vizuri. Utampeleka nani?"

Elisaria alimtazama, akadhani anataniwa. "Si wewe, mama."

"Mimi! Mimi nimekufundisha nini, zaidi ya kukuna nazi?"

"Mama nawe. Na yale ya wakati wa eda?"

Eda hiyo ilikuwa miaka tisa nyuma. Mzee Uwesu alipofariki, Bi Zulekha alikaa ndani miezi minne na siku kumi kama sheria inavyotaka, nguo nyeupe, mlango una pazia, wanaume wasio ndugu zake wa karibu hawamwoni. Wakati huohuo Elisaria alikuwa akiandika tasnifu yake ya uzamili juu ya watu wa kusini waliohamia Kariakoo, na muda ulikuwa unamwishia. Akaomba ruhusa kwa wakubwa wa msikitini, wakasema kuzungumza nyuma ya pazia hakuna ubaya, madhali mjane hayuko peke yake. Basi kila siku baada ya alasiri alileta kigoda chake, akaketi ukumbini, akaisukuma simu yake chini ya pazia ikirekodi, akauliza. Na sauti ikamjibu.

Bi Zulekha aliyakumbuka hayo kwa mbali, kama mtu anavyokumbuka alipokuwa na homa. Miezi ile alilala kitandani akiangalia ukuta. Aliyekuwa akizungumza na kijana ni wifi yake, Moza, dada wa marehemu, aliyekuja kutoka Kilwa Kivinje kukaa naye mpaka eda iishe. Moza alipenda kusimulia. Na kijana alipenda kuuliza. Zulekha alishukuru kwamba walikuwa wanashughulishana, wakamwacha.

Elisaria alitoa simu. "Ngoja nikukumbushe, usije ukababaika siku yenyewe." Akabonyeza.

"Mkeka ule tuliutundika mkono wa kushoto wa mlango," ilisema simu, "wa ukindu, ukingo mweusi, mama yangu ndiye aliyeusuka. Mtu akishuka na mzigo wake, hajui kusoma, hajui mtaa, anapita anaangalia milango. Akiuona ule mkeka anajua hapa ni kwetu. Anaingia, analala chumba cha wageni, haulizwi kitu mpaka apate kazi ya kubeba."

Na mwishoni mwa maneno vikafuata vikohozi vidogo, vikavu, viwili.

Mchele ulimwagika mapajani mwa Bi Zulekha. Moza alikuwa na miaka sita kaburini, na hapa alikuwa akikohoa ukumbini.

"Innalillahi," alisema. "Hiyo sauti ya wifi yangu."

"Ipi?"

"Hiyo. Moza. Wewe ulidhani nani?"

Elisaria alirudisha nyuma, akasikiliza, akamtazama mwanamke aliyekaa mbele yake, akasikiliza tena. Pazia lilizuia sauti, wanawake wote wawili watu wazima wa pwani, na yeye mtoto wa mlimani, hakujua kutofautisha. Kila siku alisema shikamoo mama, akajibiwa marahaba. Alijua ndani kuna wanawake wanaoingia na kutoka, lakini ruhusa aliiomba kwa mwenye nyumba, akaona anayejibu ni mwenye nyumba. Kumuuliza mfiwa jina lake ingekuwa utovu wa adabu. Na eda ilipoisha yeye alikuwa kwao Machame kwa Krismasi. Aliporudi, wifi alikwishapanda basi.

Alikwenda chumbani, akarudi na tasnifu, akafungua ukurasa. "Nimeandika hapa, Bi Zulekha, mzaliwa wa Kilwa Kivinje, mwaka elfu moja mia tisa arobaini na sita. Nilimuuliza, akanijibu."

"Arobaini na sita! Baba, mimi nimezaliwa mwaka wa uhuru. Tena Mafia." Ghafla likamjia jambo. "Ndiyo maana miaka yote hii unanibebea ndoo?"

"Nilijua unakaribia themanini, mama."

"Na hukushangaa navyotembea?"

"Nilisema ni hizo funga zinakutunza."

Walicheka, hawakuweza kujizuia, mpaka Bi Zulekha akafuta macho kwa ncha ya khanga. Halafu kicheko kikaisha na wote wakabaki wakiangalia kitabu.

Nakala kama ile alikuwa nayo yeye pia, kabatini, ameifunga kwa khanga mpya. Elisaria alimletea siku alipohitimu. Ukurasa wa mwanzo ulimshukuru Bi Zulekha aliyemfungulia mlango, naye akadhani ni shukrani ya chumba na chai. Aliwaonyesha majirani wote. Darasa lake la saba lilimtosha kusoma ukurasa ule, ila kurasa za ndani zilimchosha macho, hakuendelea. Laiti angeendelea.

"Waambie," alisema. "Nenda kabla ya siku yenyewe, useme umekosea jina."

"Mama, siyo jina tu. Sura nzima ya tatu imesimama juu ya huyu mtu. Nikisema sikumjua niliyekuwa naongea naye, watauliza na mengine nayajuaje. Tuko watu sita, nao wanatafuta sababu ya kupunguza." Alisema bila hasira, kama anayesoma ratiba. "Habari yenyewe ni ya kweli. Nyumba ni hii hii, ukoo ni huo huo. Wewe nenda ukae tu."

"Nikikaa pale nimekuwa Moza."

"Usiseme uongo. Nyamaza tu."

Bi Zulekha aliokota mchele mapajani, punje mojamoja.

Siku mbili hizo alisali, akakaa juu ya msala muda mrefu kuliko kawaida, hata magoti yakauma. Moza hakuacha mtoto. Kaburi lake kule Kivinje halina hata jiwe, alizikwa wakati wa masika na watu wachache. Alichoacha duniani ni maneno yale ndani ya simu, nayo yalikuwa yameandikwa jina la mtu mwingine. Kwa miaka saba, tangu aletewe kitabu, Zulekha alikula heshima ya wifi yake bila kujua, na asiyejua ana udhuru. Sasa amejua. Lakini upande wa pili alikuwepo huyu mtoto wa watu, aliyempeleka hospitali Upanga usiku alipobanwa na kifua, akakaa naye kwenye benchi mpaka asubuhi, miaka thelathini na tisa, suruali mbili, mgongo unainama mwaka hata mwaka.

Jumatano jioni alimwita. "Nitakwenda. Wasiponiuliza, sitanyoosha mkono. Wakiniuliza, nitajibu."

Elisaria aliitikia kwa kichwa. Makubaliano yale hayakumridhisha yeyote kati yao, lakini walikuwa wamechoka kutafuta mengine.

Alhamisi walichukua bajaji, yeye na buibui lake jeusi la kuendea misibani, Elisaria na koti aliloazima. Tawi la chuo lilikuwa Upanga, ghorofa ya tatu, na lifti ilikuwa na karatasi iliyosema haifanyi kazi. Walipanda wakipumzika kila ngazi inapopinda. Juu, kwenye viti vya kusubiria, alikuwepo msailiwa mwingine aitwaye Aaron, kijana nadhifu, na mtu wake, Mzee Melkiori, aliyewahi kuwa fundi wa treni pale Gerezani.

"Bibi na wewe umeletwa kupimwa?" Mzee Melkiori aliuliza.

"Sijui kama napimwa mimi au yeye."

"Mimi nimeahidiwa soda. Nikikosa soda, naikana historia yote." Akacheka peke yake, akampa Bi Zulekha pipi, naye akamwonyesha kwa mkono kwamba amefunga. "Basi niombee na mimi, bibi. Kule ndani kuna kiyoyozi, nasikia wanatugandisha ili tuseme kweli."

Zamu ya Elisaria ilipofika, waliingia kwenye chumba kirefu. Jopo lilikuwa la watu watano, katikati Profesa Violeth, mwanamke mnene mwenye miwani iliyofungwa uzi. Nyuma wanafunzi kama thelathini. Bi Zulekha alikalishwa mbele, kiti chenye mikono, kama mgeni rasmi.

Elisaria alifundisha. Hapo ndipo Bi Zulekha alipomwona kwa mara ya kwanza. Nyumbani alimjua mtu wa kuomba radhi kwa kupita. Hapa mabega yalinyooka, mikono ikawa na kazi. Aliwatoa watu Kilwa, Liwale na Masasi, akawaingiza mjini na vifurushi vyao, akawapitisha mlango hata mlango mpaka penye mkeka wa ukingo mweusi. Wanafunzi waliacha kuchezea simu. Alipofika kwenye "kama anavyotuambia Bi Zulekha, tuliye naye hapa leo," hakumtazama, alitazama dirisha. Watu wakapiga makofi. Bi Zulekha aliangalia vidole vyake.

Maswali yakaja, ya vitabu na ya miaka, Elisaria akayajibu. Profesa Violeth akaandika, akafunika kalamu. Bi Zulekha akaanza kushusha pumzi. Ndipo mjumbe wa mwisho, Dakta Beno, mzee mpole wa Masasi, akainama mbele.

"Mama, shikamoo."

"Marahaba."

"Mimi sina swali gumu. Bibi yangu alikuwa msukaji. Ule ukingo mweusi, alikuwa na namna yake ya kuutia rangi, akafariki kabla sijamuuliza. Nyinyi nyumbani rangi ile mlikuwa mnaipataje?"

Aliuliza kwa upendo tu, mtu anayemtafuta bibi yake. Hilo ndilo lililomwuma Bi Zulekha. Angeulizwa kwa ukali angekuwa na pa kujishikiza.

Elisaria aliwahi. "Dakta, mama umri umekwenda. Pengine amesahau."

Hapo alikuwa amefunguliwa mlango wa kutokea. Alitakiwa kutikisa kichwa tu, acheke kidogo kama wanavyocheka wazee, na wangerudi nyumbani. Alimtazama Elisaria, na Elisaria safari hii alimtazama pia, na macho yake hayakuomba kitu tena, yalikuwa yamechoka tu.

"Sijasahau," Bi Zulekha alisema. "Sikuwahi kujua. Mimi ni mtu wa Mafia, kwetu tunasuka kivingine. Nyumba ile niliingia nimeolewa, mwaka themanini na mbili, mkeka huo sikuukuta. Aliyesimulia ni wifi yangu, Moza binti Kitwana, Mungu amrehemu. Mimi nilikuwa kwenye eda, nimelala. Kijana alikuwa nje ya pazia, hakuona anaongea na nani. Hakudanganya. Alikosea, na mimi nilinyamaza."

Kiyoyozi kilisikika.

"Umejua lini, Elisaria?" Profesa Violeth aliuliza.

Hapo angeweza kusema, "Sasa hivi." Bi Zulekha alishika mkono wa kiti.

"Jumatatu," Elisaria alisema.

"Na leo ni Alhamisi." Profesa alivua miwani. "Hiyo sauti unayo?"

Alikuwa nayo. Aliiweka simu juu ya meza, siyo kipande kile cha mkeka, ile yote ya siku hiyo tangu mwanzo. Moza alisimulia, akakohoa, akasema, "Zulekha, wifi yangu, nyanyuka basi unipatie maji, koo limekauka. Hunyanyuki? Haya lala, lala, nitachukua mwenyewe." Kisha nyayo, na mlio wa kata kwenye mtungi.

Bi Zulekha hakukumbuka kabisa. Hakumpa maji.

"Haya maneno," Dakta Beno aliuliza taratibu, "uliyasikia wakati unaandika?"

"Niliyasikia."

"Ukayafanyaje?"

"Niliyatoa. Nilivyosikia nilidhani anamwita mgeni mwenye jina kama lake. Na niliona..." Elisaria alisita. "Niliona siyo historia. Ni mtu tu anaomba maji."

Profesa Violeth aliandika kwa muda, akawashukuru, akamshukuru Bi Zulekha mara mbili.

Waliteremka ngazi. Nje Elisaria alimtafutia bajaji, akamwambia dereva amfikishe mpaka mlangoni, yeye mwenyewe akashika njia ya Kivukoni kwa miguu. Bi Zulekha alifuturu peke yake, tende na maji, na maji hayakushuka vizuri.

Siku tisa zilipita. Shikamoo ilikuwepo, marahaba ilikuwepo, zaidi ya hapo hapana. Bi Zulekha alichota maji bombani mwenyewe, nusu ndoo nusu ndoo, akapumzika katikati ya ua. Hakujuta alichosema. Alijutia alichosema Jumatano, kwamba wasipouliza atanyamaza. Alijiona kama mtu aliyemshika mwenzake mkono mpaka katikati ya barabara, halafu akauachia.

Siku ya kumi majibu yakatoka. Elisaria alikuja na simu mkononi, akasimama ukumbini.

"Wamemchukua Aaron."

"Yule wa mzee wa soda."

"Huyo huyo. Anafaa, mama, anafundisha vizuri." Akakaa kizingitini, pale pale pa siku zote. "Nilikuwa naongoza kwa alama mpaka lile swali. Dakta Beno amenipigia kunieleza. Anasema kosa la pazia wangelisamehe, kila mmoja wao amewahi kukosea jina. Ni zile siku tatu. Ningekwenda Jumanne, kama ulivyoniambia, ningepata."

"Na mimi ningekulazimisha ungekwenda."

"Usingeniweza."

"Ningekufungia mlango nje."

Elisaria alitabasamu kidogo, kisha akajipangusa uso kwa viganja viwili, juu mpaka chini, kama anayeamka. Hakulia. Bi Zulekha angependelea alie, yamtoke.

"Kile kitabu chako naomba," Elisaria alisema baadaye.

Bi Zulekha alikitoa kabatini, akakifungua kutoka kwenye khanga. Elisaria alikuwa amechapisha vikaratasi, vinne, kwa ajili ya maktaba na yeye mwenyewe na Dakta Beno na huyu mama. Alipaka gundi, akabandika kimoja mbele ya sura ya tatu, akakikandamiza kwa kiganja. Kilikuwa na mistari sita. Bi Zulekha alikisogeza penye mwanga uliokuwa ukipita kati ya maghorofa, akasoma kwa sauti, polepole, kidole kikifuata maneno: kwamba masimulizi yote ya sura hii ni ya Moza binti Kitwana wa Kilwa Kivinje, aliyezaliwa mwaka elfu moja mia tisa arobaini na sita, akafariki elfu mbili na kumi na tisa, na kwamba mwandishi alimtaja mtu mwingine kwa kutojua, na baadaye kwa kujua.

Kipande hicho cha mwisho alikirudia kimoyomoyo. Hakuna aliyemlazimisha kukiandika.

"Na pale anapoomba maji?" aliuliza.

"Nimerudisha. Angalia chini."

Ilikuwepo, yote, mpaka lala, lala, nitachukua mwenyewe. Bi Zulekha alifunga kitabu, akasoma Fatiha kwa sauti ya chini, akapitisha mikono usoni. Elisaria alisubiri amalize. Kisha alinyanyuka, akaenda ukutani ilipokuwa ndoo tupu, akaishika mkono.

"Iache hiyo," Bi Zulekha alisema. "Umeshajua miaka yangu."

"Nimejua, mama," Elisaria alisema, akaenda nayo bombani.